Hellboy, Providence, Uzumaki au Tanabe: uanze na katuni ipi ya kutisha?

Lovecraft, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kutisha wa mwanzo wa karne ya 20, alikuwa na ujanja ambao mchoraji hawezi kuuazima. Zimwi linapofika mlangoni, msimulizi wake anatuambia kwamba hakuna lugha ya kulieleza, kisha anazimia au anarukwa na akili, na sisi tunabaki gizani tukijijazia wenyewe. Kwenye kurasa za Weird Tales, jarida lililoanzishwa Chicago mwaka 1923, ujanja huo ulimfaa sana. Katuni haina pa kujificha hivyo. Kisanduku kikishachorwa lazima kiwe na kitu ndani, na mungu wa kilindini akishachorwa minyiri yake inahesabika. Nusu ya wasomaji wa pwani hapo tayari wanawaza pweza wa nazi.

Kwa hiyo kila aliyezichukua hadithi zile za kale na kuzigeuza katuni ilibidi kwanza ajibu swali moja: nionyeshe au nifiche? Kazi nne ninazolinganisha hapa zimelijibu kila moja kivyake. Kama fedha zako zinatosha moja tu, au umechoka kushauriwa na watu wanaosema "soma zote", twende pamoja.

Kwanza tuzitambue. Hellboy ni ya Mmarekani Mike Mignola. Mhusika alionekana mara ya kwanza mwaka 1993, na hadithi yake ndefu ya kwanza ikatolewa na wachapishaji Dark Horse mwaka 1994: kiumbe mwekundu mwenye mkono wa kulia wa jiwe, aliyeitwa duniani kwa uchawi wa Wanazi Desemba 1944, akalelewa na profesa Mwingereza, akawa mpelelezi wa mambo yasiyo ya kawaida. Providence ni matoleo 12 yaliyotoka Avatar Press kati ya 2015 na 2017, mwandishi Alan Moore, mchoraji Jacen Burrows. Inamfuata mwandishi wa habari wa New York, Robert Black, anayezunguka New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, mwaka 1919 akitafuta malighafi ya riwaya yake. Uzumaki ni manga, yaani katuni ya Kijapani, ya Junji Ito, aliyekuwa fundi wa meno kabla ya kalamu kumlisha. Ilitoka kwa mfululizo katika jarida la Big Comic Spirits mwaka 1998 na 1999, na inahusu mji mdogo unaoandamwa na umbo. Si mtu wala mnyama. Umbo: msokoto, ule wa gamba la konokono.

Ya nne si mfululizo wenye jina moja bali rafu nzima. Gou Tanabe, Mjapani aliyezaliwa 1975, anazichora hadithi za Lovecraft zenyewe moja baada ya nyingine. Hapa nitamhukumu kwa ile ya Antaktika, At the Mountains of Madness, ambayo Dark Horse waliitoa kwa Kiingereza mwaka 2019 katika juzuu mbili.

(Locke & Key nimeiacha makusudi, ingawa mji wake unaitwa Lovecraft. Ni kisa cha familia na funguo za ajabu, kizuri sana, lakini anayekuja kutafuta baridi ya mgongo atapata zaidi machozi.)

Vigezo

Nimetumia vitano. Hofu yenyewe ni ya namna gani. Kisichochoreka kimechorwaje. Unahitaji kujua nini kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Kuna nini ndani kinachoweza kukukera au kukuumiza. Mwisho ni urefu na usomaji, hasa kwa sisi ambao maktaba yetu ni simu. "Ipi inatisha zaidi" sikuiweka. Mtu anayelala taa imewaka kwa sababu ya konokono na yule anayelala taa imewaka kwa sababu ya nyota hawawezi kupimwa kwa mizani moja.

Hofu ya namna gani

Anza na hofu tunayoijua. Jini ana kisomo chake, mzimu una tambiko lake, na hata popobawa aliyezua taharuki Pemba na Unguja mwaka 1995 alipatiwa kinga: watu walitoka wakalala nje kwa makundi. Hofu zetu nyingi zina dawa kwa sababu kinachotutisha kina haja nasi. Kinadai sadaka, kinalipiza, kimetumwa na jirani mwenye kijicho. Ya Lovecraft imekaa upande wa pili. Kilicho nje hakina haja na binadamu wala hakimchukii. Hakijui kama yupo, kama wewe usivyojua ni sisimizi wangapi umewakanyaga ukienda dukani. Mganga ataitwa akaongee na nani?

Ukiwa na tofauti hiyo kichwani, Hellboy ndiyo iliyo karibu zaidi na nyumbani. Juu kabisa kuna Ogdru Jahad, majoka saba yaliyofungwa mbali yakingoja siku ya kufunguliwa, na ule mkono wa jiwe ndio ufunguo wao. Hicho ni Lovecraft kabisa. Lakini kazi ya kila usiku ya Hellboy ni mizimu, wachawi, vichwa vinavyotoka shingoni na kuruka, Baba Yaga, yule mchawi wa ngano za Warusi. Katika The Corpse, ya mwaka 1995, anabeba maiti mgongoni usiku kucha Ireland akiitafutia kaburi ili arudishiwe mtoto aliyeibwa na viumbe wa porini. Bibi yeyote aliyewahi kusimulia hadithi karibu na moto angeielewa bila kufafanuliwa. Hofu hiyo ina masharti, na mahali masharti yanapoisha kuna ngumi. Wapenzi wa Lovecraft wa dhati hulalamika kwamba zimwi linalopigwa ngumi si zimwi tena. Wana hoja. Mimi naona huzuni ya Hellboy iko kwingine: anazipiga ndoto mbaya zote, isipokuwa ile inayosema yeye mwenyewe ndiye mwisho wa dunia.

Providence inatisha kwa kuchelewa. Robert Black ni muungwana, msikivu, mwepesi wa kushukuru, na haelewi chochote. Anakaribishwa chai na watu ambao msomaji angewakimbia, anaandika kwenye daftari lake kwamba wenyeji ni wakarimu ingawa wana sura za pekee, anapanda basi kwenda mji unaofuata. Wewe unaona, yeye haoni, na huwezi kumpigia kelele. Kisha polepole unaanza kushuku kwamba na wewe kuna jambo hulioni.

Uzumaki haina mjumbe wala ujumbe. Baba wa kijana mmoja anaanza kukusanya vitu vyenye misokoto: magamba, vitambaa, chemchemi za saa. Anakaa akivitazama. Baada ya hapo mambo hayarudi nyuma tena. Hakuna aliyelaani mji, hakuna kosa lililotendwa, na anayedhani akihama atapona anagundua kwamba barabara nazo zinaweza kupinda. Kati ya zote nne hii ndiyo hofu safi kuliko zote, nikiwa na maana kwamba haikuachii hata kishikizo cha sababu.

Hofu ya Tanabe ni ya umri na ukubwa. Wanasayansi wanatua Antaktika mwaka 1930 na ndege na mbwa na mashine za kuchoronga, wanakuta safu ya milima mirefu kupita kiasi, na nyuma yake mji uliojengwa kabla ya binadamu kuwako. Woga unaingia taratibu kama baridi ya kiyoyozi, bila mtu kurushwa kitandani.

Kisichochoreka kimechorwaje

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndipo zinapotengana kweli.

Mignola anaficha kwa wino. Anamwaga weusi mzito, madoa makubwa yasiyo na mstari ndani, na zimwi linabaki nusu: jicho, pembe, ukingo wa bega. Rangi ni bapa, kijivu na buluu ya jioni, na katikati yake ule wekundu mmoja unaotembea. Halafu ana tabia ya kukata tukio na kuchomeka kisanduku kidogo cha sanamu ya kanisani, au chura, au fuvu, bila neno lolote. Mara ya kwanza utadhani ni pambo. Baada ya kurasa hamsini utagundua kwamba vile visanduku ndivyo vinavyokutia ubaridi, kwa sababu kuna kitu kinakutazama wewe badala ya kumtazama mhusika.

Ito anafanya kinyume kabisa. Haachi hata unywele mmoja. Mistari yake ni myembamba, mingi, ya subira, kama ya mtu anayechora picha za kitabu cha tiba, na silaha yake kubwa ni kugeuza ukurasa. Upande huu msichana anafungua pazia au anainua kifuniko, unageuza, upande wa pili kitu kimejaa ukurasa mzima, kimechorwa chote, na huwezi tena kutokukiona. Nitataja kimoja tu, cha sura ya kwanza kabisa: lile pipa la mbao la duara na kilichojikunja ndani yake. Lovecraft angeandika kwamba halielezeki. Ito anakupa hadi makunyanzi ya ngozi, na linabaki halielezeki vilevile. Sijui mchoraji mwingine aliyeshinda hoja hiyo kwa njia ya kuonyesha kila kitu.

Burrows ana mistari misafi isiyopandisha sauti. Kurasa nyingi zimegawanywa visanduku vinne vipana vilivyopangwa kama matofali, na kikombe cha chai kimechorwa kwa uangalifu uleule kinaochorewa kiumbe kinachopita nyuma ya dirisha. Majengo mengi ni ya kweli. Badala ya chuo cha kubuni cha Lovecraft, Moore anampeleka Black katika Chuo cha Saint Anselm huko Manchester, New Hampshire. Ubapa huo umewachosha wasomaji wengine, wakasema picha hazina uhai. Mimi naona ni mtego. Jicho linazoea, linateleza, na kitu kibaya kilikuwa kwenye kona ya kisanduku kurasa tatu zilizopita.

Na Tanabe? Tanabe alikuwa na bahati ya kuchagua hadithi ambamo Lovecraft alivunja sheria yake mwenyewe. Viumbe waliogandishwa wanaelezwa kwa redio na mwanabiolojia kama fundi anayesoma vipimo vya kabati: urefu futi 8, kipenyo cha katikati futi 3.5, mbawa, mikono, kichwa cha umbo la nyota. Hakuna cha "hakielezeki". Mchoraji alipewa ramani, na ameijenga kwa uaminifu wa kushangaza, kwa vivuli vizito vinavyofanana na michoro ya zamani ya nakshi. Hata hivyo, kinachobaki akilini mwangu ni ile milima. Kurasa mbili zilizounganishwa, jiwe na barafu, na ndege moja ndogo kama inzi kwenye ukuta. Nyuso za wanasayansi ndizo dhaifu: zimefanana, na katikati ya juzuu ya kwanza utarudi nyuma kuuliza huyu mwenye masharubu alikuwa nani.

Kuna jibu la tano ambalo si rahisi kulipata lakini lazima nilitaje. Alberto Breccia wa Argentina, miaka ya 1970, alizichora hadithi za Cthulhu, mungu wa kilindini wa Lovecraft, kwa kubandika vipande vya karatasi, kuchafua wino na kukandamiza maumbo mpaka zimwi likawa doa ambalo kila msomaji analisoma kivyake. Ukiiona popote, inunue kwanza, bei utaijutia baadaye.

Unahitaji kujua nini kabla

Kwa Uzumaki, hakuna. Ito mwenyewe amemtaja Lovecraft miongoni mwa waliomlea kiuandishi, lakini kitabu hakikudai chochote. Kwa Tanabe pia hakuna, na hapa nitasema jambo litakalowaudhi walimu wa fasihi: kwa msomaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, Tanabe ni njia bora ya kumfikia Lovecraft kuliko Lovecraft mwenyewe. Nathari ile ina vivumishi vingi kuliko fenicha za sebule ya Idi. Manga inavipunguza na kuacha mifupa ya kisa, ambayo ni imara.

Hellboy inahitaji kidogo sana, ila ina kizingiti. Hadithi ya kwanza, Seed of Destruction, maneno yake yaliandikwa na John Byrne kabla Mignola hajajiamini kuandika peke yake, na maelezo yamejaa kila kisanduku. Wengi wanaishia hapo. Anza na hadithi fupi, kisha urudi. Kuna moja ya kurasa mbili tu, Pancakes, ya mwaka 1999: mtoto Hellboy anakataa kula chapati za maji za Kimarekani, halafu anakubali, na huko kuzimu kuna watu wanalia. Ukicheka hapo, mfululizo ni wako.

Providence ndiyo inayodai ada ya kiingilio. Kila toleo limeegemea hadithi fulani ya Lovecraft: la pili limekaa Red Hook, mtaa wa Brooklyn, la tatu limeuhamishia Salem mji wa watu-samaki, na kuendelea. Usipozijua utaelewa matukio, lakini hutasikia mwangwi. Imechanganywa pia na historia ya kweli. Mgomo wa polisi wa Boston wa 1919 umo, na hotuba aliyoitoa mwandishi Lord Dunsany mjini humo Oktoba mwaka huohuo, ambayo Lovecraft kweli alihudhuria, imo pia. Halafu kila toleo karibu linamalizika kwa kurasa za daftari la Black, zimeandikwa kwa mwandiko wa mkono, ndefu, bila picha. Ukiziruka umesoma nusu ya kitabu. Juu ya hayo yote, mwisho wake umefungamana na Neonomicon, kazi ya awali ya Moore na Burrows ya 2010 na 2011.

Yatakayokukera

Tusizunguke: Lovecraft alikuwa mbaguzi, na hata enzi zake alivuka kiwango cha kawaida. Red Hook ni hadithi ya kuwaogopa wahamiaji wa Brooklyn. Na kuna ile inayotugusa sisi moja kwa moja, iliyochapishwa mwaka 1921, kuhusu Arthur Jermyn: laana ya ukoo wa Kiingereza inatokea Kongo, na siri yenyewe ni kwamba mmoja wa mabibi zao wa kale alikuwa sokwe mweupe aliyeletwa kutoka huko. Msomaji wa Bukavu au Kindu ana haki zote za kukunja uso na kufunga kitabu.

Wasanii hawa wanne wameubeba urithi huo kwa njia tofauti. Moore anaufukua na kuuweka mezani. Black ni Myahudi na anapenda wanaume wenzake, mambo mawili anayoyaficha, na kwa hiyo tunaipita nchi ya Lovecraft ndani ya ngozi ya mtu ambaye Lovecraft angemwogopa. Ito alichukua mbinu akaiacha chuki. Mji wake hauna wageni wa kulaumiwa. Tanabe anafuata maandishi, ila huko Antaktika binadamu ni wachache wa kutukanwa. Mignola, yeye, ameufungua mlango ambao Lovecraft aliufunga: anawapa watu wengine nafasi ya kusimulia. Mwaka 2006 aliandika Makoma, ikachorwa na Richard Corben, kutokana na ngano ya shujaa Makoma wa Wasena wa bonde la Zambezi. Kabla yake, katika The Third Wish, Hellboy anatembea Afrika na kukutana na Mohlomi, mganga mwenye jina la yule mwenye hekima wa Basotho. Si Afrika kamili, ina harufu ya vitabu vya kikoloni alikozipata ngano hizo. Lakini shujaa ni shujaa, na hakuna anayemcheka.

Upande wa ukali, Providence ni ya watu wazima tu, na nasema hivyo nikiwa nimetulia. Ina ukatili wa kingono uliochorwa waziwazi. Toleo la sita hasa limewafanya wasomaji wazoefu waweke kitabu chini na wasirudi. Neonomicon ni mbaya zaidi. Uzumaki haina ngono ya kukera, lakini miili inafanyiwa mambo, na kuna sura mbili zinazofuatana za hospitali, mbu na wajawazito ambazo singemkabidhi mtu mwenye mimba hata kwa utani. Tanabe ana upasuaji na mizoga ya mbwa. Hellboy ina mifupa mingi kuliko damu. Kijana wa sekondari ataisoma bila matatizo, na mzazi akichungulia hatapata presha.

Urefu, mpangilio, na simu

Uzumaki ni kitabu kimoja kinene, zaidi ya kurasa 600, kina mwisho. Providence hukusanywa katika juzuu tatu, ina mwisho. Tanabe juzuu mbili, mwisho. Hellboy ni safari: hadithi kuu ilianza 1994 ikafungwa 2016 na Hellboy in Hell, na ukitaka iliyopangwa kwa mtiririko kuna mikusanyo minne minene pamoja na miwili ya hadithi fupi, yote ya 2018. Hapo hujaingia B.P.R.D., mfululizo wa shirika la wapelelezi alilolitumikia Hellboy, na matawi mengine. Nawajua watu walioingia kwa kitabu kimoja na sasa wana rafu.

Kwenye simu, Hellboy ndiyo inayostahimili, kwa sababu ya yale maumbo makubwa na maneno machache. Uzumaki inapita, ila ukumbuke manga husomwa kulia kwenda kushoto. Mpwa wangu aliisoma kurasa thelathini kinyumenyume, akaniambia, "Mjomba, huyu jamaa anaandika kwa mafumbo kweli." Tanabe kwenye kioo cha inchi sita ni dhambi, ile milima inakuwa vichuguu. Na daftari la Robert Black halisomeki bila kukuza kila mstari, kwa hiyo kama huna kompyuta au tableti, Providence itakutesa kwa sababu zisizo za kisanii.

Wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda wana nafuu yao: zote nne zimetafsiriwa Kifaransa, na Tanabe hasa amepokewa vizuri Ufaransa, ambako kazi yake nyingine kutoka kwa Lovecraft ilipewa tuzo ya mfululizo katika tamasha la katuni la Angoulême mwaka 2020. Matoleo yake ya Kifaransa, ya mchapishaji Ki-oon, yana majalada yanayofanana na ngozi ya zamani. Kama unasoma lugha zote mbili, chukua hayo.

Kwa hali yako

Hujawahi kusoma katuni ya kutisha hata moja, na una wikendi moja: Uzumaki. Ukifika sura ya tatu bila kuhisi kitu, Ito si wako, na angalau utakuwa umejua mapema.

Unapenda hadithi zenye masharti, mizimu inayozungumza, na shujaa unayetaka arudi nyumbani salama: Hellboy, kupitia hadithi fupi. Hii pia ndiyo ya kununulia kijana, au ya kusoma mkiwa wawili mkipokezana.

Umesikia jina la Lovecraft kila mahali, kwenye magemu na sinema, unataka kujua kelele ni za nini bila kupambana na Kiingereza cha mwaka 1931: Tanabe, kwenye karatasi, si kwenye simu. Ukishindwa na mwendo wake wa polepole, usijilaumu; msafara wa Antaktika haukimbii.

Tayari unamjua Lovecraft, umempenda na umemchukia, na unaweza kuvumilia ukatili uliochorwa bila pazia: Providence. Soma kwanza hadithi zake sita au saba mashuhuri, usome toleo moja kwa siku na daftari lake, na toleo la sita usilisome usiku. Kama una jeraha la aina hiyo maishani mwako, pita mbali. Hutakosa kitu ambacho wengine watatu hawawezi kukupa kwa namna nyingine.

Unapitia kipindi kigumu, usingizi mchache, moyo mzito: Hellboy au hakuna. Uzumaki na Providence zote zinafunga mlango nyuma yako.

Na kama wewe mwenyewe unachora, weka Mignola kushoto na Ito kulia. Chukua kisa kimoja ulichosimuliwa utotoni, kile ambacho hadi leo hupendi kupita mahali pake usiku. Kichore mara mbili, mara moja kwa madoa ya wino, mara ya pili kwa mistari elfu, halafu uziache karatasi zote mbili mezani na uzime taa.